Mugisho Arsène, Mwenye Gitaa la Besi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mpendwa wetu, na tunaomba msikilize hadi mwisho, hasa waliokaa viti vya mbele bila kukaribishwa.

Marehemu Mugisho Arsène alizaliwa Bukavu tarehe 9 Mei 1958, akasoma shule ya msingi huko huko hadi mwaka 1971, na sekondari akaiacha mwaka wa pili, kwa sababu mjomba wake alimwachia gitaa la besi la miaka ya sitini, lenye kifuniko cha chuma karibu na mwisho wa nyuzi, sponji ndani yake ya kufupisha mlio, na kijiti cha mbao upande wa chini wa nyuzi, ambacho mpigaji hukishika kwa vidole huku akipiga kwa dole gumba.

Alikuja nalo Kampala mwaka 1997, akapiga katika baa za Kansanga, akafunga ndoa na Kahambu kanisani Kisugu tarehe 12 Juni 1999, wakajaliwa binti mmoja, Darlène.

Tangu mwaka 2004 alipiga katika bendi ya Aristide, huyo mwenye miwani ya jua. Februari 2024 marehemu alilazwa kwa ugonjwa wa figo, na Aristide, bila kumuuliza mtu, akang'oa kifuniko, akatupa sponji akidai gitaa linakohoa kama kikongwe, kisha akakihamishia kijiti upande wa juu wa nyuzi, akidhani waliolitengeneza walikosea, yakabaki matundu mawili ya skrubu na weusi wa jasho la vidole vya mwenzake. Marehemu aliporudi alilijaribu, sauti ikavuma ovyo, akaliweka chini, akamwambia mkewe kwamba wamemkata mkono, na hakulishika tena mpaka alipofariki Jumapili, tarehe 18 Agosti 2024.

Tangu juzi Aristide anawatangazia wageni kwamba gitaa ni la bendi. Mama Darlène ana hasira, na familia haimnyamazishi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kisugu walioleta turubai na makaa, na wanamuziki wenzake, isipokuwa mmoja.

Leo asubuhi Darlène amekirudisha kijiti kwenye matundu yake, gitaa limefungiwa chumbani, na ufunguo anao mama yake. Kwa hiyo, Aristide, nyimbo za kaburini zitaimbwa bila besi, ili kila mtu asikie ni nani hayupo.

Mugisho, vipumzishe vidole vyako kwa amani.