Madam Cherono na Zile Moja Saba

Mwalimu Linah Cherono anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha hisabati, kwanza Malakisi, kisha hapa Kitale. Amekuwa mkuu wa idara, mlezi wa chama cha hisabati na, kwa muhula mmoja ambao hapendi utajwe, kocha wa voliboli.

Hakubali jibu lisilo na njia. Hata mpishi akimwambia chai iko tayari, huulizwa amejuaje.

Sisi tuliokuwa kidato cha tatu mwaka 2014 tunamkumbuka kwa namba 1,111,111. Iliulizwa katika fainali ya mashindano ya shule kule Bungoma: je, inagawanyika kwa namba nyingine yoyote, mbali na moja na yenyewe? Ni namba yenye kiburi. Ukiigawa kwa tatu, saba, kumi na moja au kumi na tatu, kila mara inabaki moja. Timu yetu ikaandika kwamba haigawanyiki. Shamira, nahodha wa wapinzani wetu wa Malakisi, aliandika neno moja tu: bado. Majibu ya waamuzi yalikubaliana na yetu, nasi tukarudi Kitale na kikombe cha kwanza katika historia ya shule.

Jumatatu, Madam alimuuliza nahodha wetu, Chepkemei, walijaribu kugawa mpaka wapi. Chepkemei akasema mpaka tisini na saba, halafu wakachoka. Madam akaligawia kila dawati namba zake, darasa zima likaanza kugawa. Siku ya tatu, dawati la Nyaguthii lilifika 239. Ikaingia mara 4,649, bila baki.

Kikombe kilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na wazazi walikuwa wameshapiga picha nacho.

“Madam, si tunyamaze tu,” Chepkemei akasema. “Hakuna mtu atajua, bana.”

“Nyinyi mmejua,” Madam akajibu. “Hiyo haitoshi?”

Wengine tulilia. Mwalimu mkuu alimsihi Madam asirudishe kikombe, na waandalizi wakamwambia mambo yalishafungwa. Jumamosi alikibeba kikombe mwenyewe hadi Malakisi, pamoja na Chepkemei, akamkabidhi Shamira na kumwandikia ubaoni njia yote. Shamira aliitazama, akacheka, akasema kengele ilipolia alikuwa kwenye 233, namba tasa ya mwisho kabla ya 239.

Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumletea Madam “haigawanyiki” kabla ya kumaliza kugawa. Chepkemei sasa ni mhandisi, na anasema swali hilo la “mpaka wapi” bado humwamsha.

Asante, Madam, kwa kutokutuhurumia. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani Ndalu, na kalamu zisizokauka. Tunajua umechukua namba yenye moja kumi na saba uende nayo nyumbani ukaigawe kwa mkono. Jibu lake limo katika simu ya mtu yeyote. Umeomba tusikuambie, na hatutakuambia.