Mashini ya Prof Donatien Ingali Inangojea Courant

Mugeni rasmi, Citoyen Commissaire wa Zone, Bwana Préfet, mukubwa wa shule yetu, wazee wa mitaa, baba na mama: siye wazazi wa shule hii, hapa Bunia, tunakusalimia kwa furaha. Katika huu mwaka wa 1987 ni mara ya kwanza mukubwa wa Zone anakanyaga kiwanja chetu, ijapokuwa makao yake iko ng'ambo ya uzio tu. Njia ilikuwa ndefu, tunajua. Ukae, upumzike.

Risala inasomwa na Katsuva, fundi wa mbao. Alisoma mpaka mwaka wa tatu wa primaire, basi akikwama mumuache ajikwamue mwenyewe.

NAMNA MAMBO ILIANZA

Prof Donatien anafundisha filozofia. Mwaka wa 84 alikwenda Kisangani kwa mukutano wa walimu, wakamuonyesha ordinateur, ni kusema kompyuta, ile ndogo ya mutu mumoja, inayokaa juu ya meza. Alirudi juu ya lori siku sita, na siku zote sita hakusema neno lingine. Shofere alimuambia: "Prof, utuhurumie. Hata Mungu aliumba dunia siku sita, halafu akanyamaza."

Miaka mbili aliandika barua. Mwishoni rafiki yake wa Kampala akampa moja. Prof akaipokea kule Aru, mupakani, akaileta mpaka Bunia juu ya magoti yake, imefungwa katika blanketi, na kwenye kila kizuizi cha barabara alisema: "Pole pole, analala." Askari wakapita pembeni kwa ncha za viatu.

YALE TUMEFANYA

Kwa salongo, kazi ya pamoja ya siku ya posho (Jumamosi), tulijenga chumba cha matofali, tukapaka chokaa. Mama Vahwere akashona kifuniko. Katsuva akachonga mbao arobaini, kila moja na herufi zake sawa clavier, pale vidole vinagonga, ili watoto wazoeze vidole wakati wanangojea courant, ule umeme. Na Prof mwenyewe anasimama mbele, anakuwa mashini.

"Mimi sina huruma," anawaambia, "sina tumbo, sijui baba yako ni nani. Munipe ukweli tu."

Siku moja Faida, wa mwaka wa sita, aligonga ubao wake akisema kwa sauti: "Kila mutu atakufa. Préfet ni mutu."

Prof akakaza shingo, akajibu kwa sauti ya bati: "Préfet atakufa."

Kumbe Préfet alikuwa kwenye dirisha. "Prof! Mashini yako haina adabu!"

"Njo sababu tunaihitaji, Bwana Préfet."

Préfet alicheka wa kwanza, na leo tuko naye hapa, muzima kabisa.

Katsuva naye alicheka, halafu akawaza nyumba yake. Wakati mutoto wake Léontine aliugua, karatasi ya dawa ilitembea bureau ine, kila mukubwa akisema saini inatoka kwa mwingine. Mashini isiyojua baba ya mutu ingejibu kabla ya jua kuzama: mugonjwa ni huyu, dawa ni hii. Lakini leo ni siku ya furaha. Tuendelee.

TATIZO

Ni moja tu. Mashini iko hapa tangu miezi kumi na ine, haijawaka hata siku moja. Courant ya muji haifike kwetu. Tuliomba groupe ya mafuta, ile mashini ya kutoa courant, na ikatoka, tunashukuru. Kwa kuipokea, mukubwa aliyekutangulia alituita katika bustani ya makao. Tukaja na ngoma, tukacheza, tukakula, tukapigwa picha pamoja nayo. Halafu tukarudi tukiimba.

Kufika barabarani, Mama Vahwere akauliza: "Groupe iko na nani?"

Kila mumoja aliwaza kama mwingine anaibeba! Tulirudi mbio, tukakuta portail, mulango wa uzio, imefungwa, na ndani tukasikia inanguruma vizuri sana. Ingali inanguruma. Weye labda walikuambia ilikuja pamoja na nyumba. Kosa la kucheza na kusahau ni letu. Kosa la kufunga portail si letu.

Watoto wa mwaka wa sita wanamaliza mwezi wa saba. Prof aliwaahidi kama hakuna atakayetoka bila kuona jina lake juu ya écran, kioo cha mashini. Sasa kila asubuhi anapangusa mashini vumbi, na hatazami watoto machoni.

OMBI

Hatuombi groupe irudi. Tunajua vinywaji vya wageni vinataka baridi. Hata chupa iliyo mbele yako imetoka katika frigo yako, na ni baridi kweli. Tunaomba mita tatu. Salongo iliyopita tulisimamisha miti, tukavuta waya toka chumba cha mashini mpaka uzio wako. Tumeifunga pale na kitambaa chekundu, usije ukaikanyaga. Toka pale mpaka groupe ni mita tatu, na siye hatuna ufunguo. Saa moja kwa siku inatosha.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe usingizi mutamu na wageni wazuri.

Tukimaliza hatutapiga makofi. Usikilize watoto: watagonga mbao zote arobaini pamoja. Wanaandika jina lako. Prof anasimama pale mbele kama kawaida, lakini ametuambia mara hii hatajibu yeye. Itajibu mashini, siku ile weye utataka.

Siye, wazazi wa watoto wa Prof Donatien,
Bunia