Ukuta wa Kati wa Duka la Palma

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na nikikatika katikati ya maneno msinikimbilie na maji, ningojeeni tu, nitarudi. Nurdine, kaa hapo miguuni kwangu. Nafisa, uinue mto huu kidogo. Na wewe Suleimane, usisimame mlangoni kama mgeni. Umezaliwa na mke mwenzangu Zuleica, lakini mama yako alipougua homa ulinyonya kifua changu hiki, kwa hiyo maneno haya ni yako kama yalivyo ya wenzako, na nitakayoyasema juu ya mama yako utayasikia yote na hutanuna.

Mmeniletea ramani. Fundi Agostinho, yule Mmakonde wa Mueda, ameichora vizuri, sina la kusema, nami nimeitazama mpaka macho yameuma. Nimeona milango miwili imekuwa mmoja mpana, wa kioo. Nimeona mahali pa friji, mahali pa meza ambapo watu wa mradi wa gesi wa Afungi watakunywa chai kabla gari la kazi halijawachukua, nimeona vigae sakafuni na choo cha wateja. Hayo yote nimeyakubali, tena nimeyapenda. Ila pale ulipo ukuta wa kati mmeacha wazi, hamkuchora kitu. Mnataka kuubomoa. Mnataka duka langu na duka la Zuleica yawe duka moja, na mmekuja kuchukua ndiyo yangu ningali hai, kwa sababu mnajua nikifa bila kusema hakuna kati yenu atakayethubutu kuugusa.

Basi sikilizeni ukuta huo ulikotoka. Baba yenu Dauto, Mungu amrehemu, alinioa mimi kwanza, na tulipokwisha kuzoeana akamwoa Zuleica wa Quionga, binti wa watu, mweupe wa meno, mwepesi wa kucheka. Sikulia. Niliwaambia majirani kwamba nimefurahi kupata msaidizi, nao wakaniamini, na mimi nikawaona wajinga. Baba yenu alikuwa mtu wa haki mpaka haki yake ikachosha. Akinunua kapulana huku, atanunua na kule, kitambaa kile kile. Akila huku leo, kesho atakula kule, hata kama huku kuna pweza wa nazi na kule kuna mchicha. Alipofungukiwa na riziki akajenga nyumba moja ndefu kando ya barabara, paa moja, akawaita wazee wawili wa msikitini washuhudie, akapima kwa kamba toka ncha hii hadi ncha ile, akaikunja kamba, na pale ilipokunjika akasimamisha ukuta. Magharibi kwangu, mashariki kwa Zuleica. Mlango sawa, dirisha sawa, rafu sawa. Akaweka na sharti, kwamba hakuna fundi atakayegongea msumari upande mmoja bila kugongea mwingine upande wa pili. Wazee wakaondoka wakisema wamemwona mume anayemwogopa Mungu.

Jua hakulipima. Kila alasiri jua lilikuwa likipiga ukuta wangu wa pembeni, mle ndani panawaka, siagi inayeyuka, sabuni zinatoa jasho, biskuti zinanuka mafuta ya taa, na kivuli cha nyumba nzima kinalala upande wa Zuleica. Huko ndiko wenye pikipiki walikoegesha, na mtu akishakaa kivulini soda atainunua kwa aliye karibu naye, hatazunguka nyumba kuja kuungua kwangu. Nikamwambia baba yenu. Akanijibu, "Saquina, nimegawa sawa mbele ya wazee. Sasa unataka nigawe na jua?" Nikanyamaza. Nimenyamaza hivyo tangu mna meno ya maziwa, na moyo wangu ulikuwa unawaka kuliko lile duka.

Mlikuwa wadogo, mkipita mlango huu na kutokea ule, mnakula peremende za pande zote mbili, hamkujua chochote. Zuleica alipopaka duka lake rangi ya samawati, mimi nilipaka kijani, tena kijani cha kuumiza macho. Alipotundika taa moja barazani, nilitundika mbili, baba yenu akaja na ngazi yake akaiteremsha ya pili kwa ajili ya usawa. Mteja akitoka kwake na mfuko nilikuwa nautazama ule mfuko mpaka upotee kwenye kona, nikikisia ndani mna nini, na kama kile kitu hata kwangu kipo. Wivu, wanangu, nauita kwa jina lake. Nimekula nao, nimelala nao, nimesali nao hivyo hivyo.

Kisha vikaja vita, hilo mnalijua, sihitaji kuwasimulia moshi. Tulikimbia kwa miguu mpaka Quionga, kwao Zuleica, na mimi mke mkubwa nikawa mgeni wa mke mdogo. Niliteguka goti njiani, akanibeba kwenye kile kiuno chake chembamba. Tulipofika akanipa kitanda cha mama yake, yeye akalala chini kwenye mkeka na watoto. Nyie mnafikiri nililala? Nilikesha nimekasirika, maana nyumba nzima ya watu ilikuwa ikimwita kwa jina la utotoni, huku na huku wanamchekea, na mimi naitwa bibi mgeni. Baba yenu alifia huko huko kwa presha. Tukakaa eda chumba kimoja, tukila sahani moja, na hata katika kulia nilikuwa namsikiliza, nisije nikazidiwa.

Tuliporudi Palma tulikuta paa hakuna, rafu hakuna, milango imekwenda na walioing'oa. Kilichosimama ni ule ukuta wa kati, mweusi kwa masizi, lakini mzima. Zuleica alikaa chini akalia. Mimi niliushika kwa kiganja changu nikafurahi, wallahi nilifurahi, maana mali yangu ilikuwa bado ina mpaka wake. Tukaanza upya, kila mtu na nusu yake. Wewe Suleimane ulikuwa umepata kazi jikoni kule Afungi, ukamwezekea mama yako mabati mapya yanayong'aa. Mimi niliezeka mabati ya kuokota, yenye matundu ya misumari ya watu wengine, na mvua ikinyesha nilikuwa nasikia yake inavyolia vizuri.

Sasa kazi za Afungi zimerudi, wageni wamejaa, kila mwenye kibanda barabarani anaweka kioo na meza, na nyie mnasema tukibaki na vichumba viwili vya giza tutakufa njaa tukitazama. Mnasema kweli. Nafisa, wewe leo asubuhi nilikuuliza, "Mama yako mdogo amesemaje juu ya ukuta?" Nilitaka uniambie amekataa. Nilikuwa nimeshajitayarisha: angekataa yeye, mimi ningekubali, na mji mzima ungejua nani mwenye moyo mkubwa. Ukainamisha kichwa ukanijibu, "Mama, amekubali siku ile ile tulipomwonyesha. Ameomba kitu kimoja tu, kwamba juu ya mlango paandikwe Duka la Saquina."

Mkanitazama mkidhani nitatoa machozi ya furaha. Hamnijui mama yenu! Nilihisi nimepigwa kofi. Yaani hata kwa wema ananiwahi! Mimi nimelala hapa siwezi kushika kikombe, uji nanyweshwa, na uji wenyewe ameupika yeye, na sasa ananizawadia jina langu mwenyewe. Nikaiona siku hiyo ilivyo: watu wanapita barabarani, wanainua macho, wanasoma Saquina, halafu wanasema, jamani Zuleica ana roho nzuri, tazama alivyomweka marehemu mwenzake juu. Jina langu, sifa zake. Nimelala na neno hilo mchana kutwa, ndiyo maana hamkuniona nikila.

Haya. Nipeni nafasi nivute pumzi.

Nimekwisha kuamua, na ninayoyasema sasa ni amri, si mashauri. Bomoeni ukuta. Lakini msiende na nyundo kwa pupa, maana ule ukuta ndio unaobeba paa. Agostinho asimamishe kwanza nguzo mbili na boriti nene juu yake, zikauke, ndipo aguse tofali la kwanza. Mchanga wa ufukweni msiutumie hata mkipewa bure, una chumvi, utakula nondo na plasta itabanduka mkiwa bado mnashangilia. Msifunge duka lote kwa ajili ya kazi. Jengeni nusu moja, nusu nyingine iuze, mteja akizoea kwingine harudi kwa sababu ya vigae. Friji isikae magharibi. Na huko magharibi, huko kwangu, ongezeni paa litoke nje, baraza pana yenye kivuli, wenye pikipiki wakae na huko. Atakayeuza upande wangu baada yangu asiungue nilivyoungua mimi.

Minazi yangu na vitu vyangu vya ndani, shehe atawagawia kama sheria inavyotaka, wala msishikane mashati kwa ajili ya sufuria. Nurdine, wewe una mkono mzito na ulimi mwepesi, wafanyakazi usiwatukane mbele ya wateja. Nafisa utashika mauzo, kwa kuwa hudanganyiki. Suleimane, jiko ni lako. Na pale mezani pa kuuzia, pakubwa pale mlipochora katikati, atakaa Zuleica.

Sasa jina. Duka la Saquina sitaki. Nimesema sitaki, usinikate kauli, Nurdine! Andikeni Duka la Zuleica. Herufi kubwa, zisomeke toka ndani ya chapa, lile basi dogo linalotoka mpakani. Mnanitazama mkidhani homa imepanda kichwani. Akili yangu ni nzima. Fikirini kidogo. Likiandikwa langu, mimi nitakuwa ubao juu ya mlango, na ubao hauulizwi kitu. Likiandikwa lake, kila mtu wa zamani atakayeingia, kila mvuvi, kila mama wa soko aliyetujua tulivyokuwa wawili, atasoma, atamtazama pale alipokaa, na atamuuliza, na Saquina je? Saquina yuko wapi? Na yeye itabidi ajibu. Asubuhi atajibu, jioni atajibu, mwaka huu na mwakani. Wageni nao watauliza mbona duka hili refu hivi, na atawaambia lilikuwa mawili, la pili lilikuwa la mwenzangu. Nataka anitaje. Mtu mwingine yeyote akinitaja, nyie wanangu mkinitaja, sitoshelezwi. Nataka nitoke kinywani mwake, yeye, aliyenizidi kivuli, akanizidi kucheka, akanizidi hata kusamehe. Hilo ndilo ninalolitaka katika dunia hii, na sina jingine.

Kumbe... maji. Kidogo tu. Basi.

Nikifa, kuniosha aongoze yeye. Goti hili halinyooki, wengine watalilazimisha, yeye analijua. Msinicheleweshe ardhini kwa kungoja watu wa mjini Pemba, safari ya kutwa nzima. Kilio kisiwe cha kufuru, na chakula kiwe cha kawaida, msikope ili msifiwe.

Sogeeni mikono yenu. Suleimane, na wewe, wako pia. Mwenyezi Mungu awape riziki isiyo na fitina, awape vizazi vyenye adabu, awakinge na moto na wenye kuwasha moto, na yule kati yenu atakayeoa wake wawili Mungu ampe akili ya... ya kutazama jua. Amina. Semeni amina, nisikie.

Nani huyo, nasikia viatu ukumbini. Ndiye? Mwacheni apite, aketi hapa karibu. Lakini hili la jina msimwambie mpaka nimekwisha kwenda, nakuombeni, maana akisikia atakataa, na mimi sina nguvu tena za kushindana naye.