Ukuta wa Nyuma ya Benchi

— Ondokeni, nataka kufungua ukuta.

— Hatuondoki. Fungua sisi tukiwa hapa hapa, tuone.

— Utakuangukia, Injinia.

— Uniangukie! Nimeuegemea ukuta huu tangu wewe hujaota meno.

Binti alisimama mbele ya benchi, spana mkononi, vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Ukuta huo ulikuwa wa gereji ya baba yake, gereji ya mabamba ya zege, yale yanayoletwa tayari kwa lori na kuunganishwa kwa bolti. Benchi liliegemea hapo, na wenyewe walikuwa hapo: Injinia, aliyewahi kubeba zege kwenye jengo moja la ghorofa na hajamaliza kulisimulia, Redio, ambaye hazimiki, na Mama Birika na kahawa yake. Baba yake Binti alikuwa mwenzao, akikaa mwisho wa benchi na mikono yake ya grisi, hadi siku jeki ilipoteleza na gari likamlalia miguu. Tangu hapo hajatoka nje. Ua wao ni mchanga mtupu, na kiti chake cha magurudumu kilizama kabla hakijafika popote. Binti aliacha shule akae naye. Sasa alikuwa ameshusha paa na kufungua kuta nyingine, akayaburuta mabamba juu ya vipande vya bomba na kuyalaza chini, kutoka mlangoni kwa baba kuelekea barabarani. Njia ilikuwa imebakiza kidogo tu. Mabamba ya kuimalizia ndiyo hayo waliyoegemea.

— Zege halifunguliwi, alisema Injinia. Likishashikana ni kitu kimoja, kama meno na ufizi.

— Meno yanang'oka, alisema Mama Birika.

— Tena chini ya gereji hii kuna bomba kuu la maji, alidakia Redio. Ukiondoa uzito, bomba linanyanyuka. Mtaa mzima tunaogelea.

— Bomba ni dogo hilo, alisema Injinia. Hesabu upepo! Ukuta huu ndio breki ya upepo. Ukiutoa, nyumba zote zinavuka barabara.

— Zitapanga foleni au zitasukumana?

— Cheka tu, Mama Birika, alisema Redio. Kuna mji walibomoa gereji kama hii, barabara ikahama. Watu wameamka, wanatoka kwenda kazini, hakuna barabara!

— Uliiona wewe?

— Ningeionaje na ilishahama?

Binti hakucheka.

— Ukuta mnaouegemea sasa hivi umeshikwa na magogo niliyoyaweka mimi kwa ndani, alisema. Nati nimezilowesha mafuta ya taa tangu jana. Zimelegea. Mnaonizuia ni nyinyi tu.

Redio aligeuka kuutazama ukuta, akasogeza mgongo wake mbele kidogo. Injinia alibaki palepale.

— Sikiliza, mwanangu, alisema, na safari hii hakupayuka. Unamzika baba yako angali hai. Gereji hii ndiyo jina lake mtaani. Akipona, atafanyia kazi wapi?

Lilimchoma. Usiku mwingi alikuwa amejiuliza hilohilo. Lakini aliikaza ile spana mkononi.

— Miguu haitapona, mjomba. Daktari alisema, na baba alisikia. Ama abaki na gereji, aitazame dirishani, au apate njia. Nimechagua njia. Kama ni kosa, ni langu.

Wakati huo alikuwa amefika muuza mifagio, mtu mgeni kabisa hapo. Alitua mzigo wake, akapokea kikombe, akasikiliza huku akipuliza kahawa.

— Na huyo mzee mwenyewe anasemaje? aliuliza.

Redio alimgeukia Injinia. Injinia aliinamia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo.

Binti angeweza kujibu. Baba ndiye aliyemwelekeza kutoka dirishani: paa kwanza, egemeza ukuta kabla hujagusa nati. Lakini hakutaka kuwasaidia.

— Mlango ule pale, alisema. Tangu aumie hamjaukanyaga. Nendeni mkamuulize.

— Tungekuja kumwambia nini? alisema Injinia taratibu. Mtu kama yule, kalala… Tungemwambia nini sisi?

— Huu huu upuuzi wenu! Anausikia kila siku. Redio akidanganya, baba anambishia kitandani peke yake.

Injinia aliweka kikombe chini. Alisimama, akapangusa suruali.

— Redio, shika benchi huko. Tulisogeze.

— Na kivuli?

— Shika, bwana!

Hata muuza mifagio alikunja mikono ya shati. Binti alifungua nati, wanaume wakalishusha kila bamba kwa kamba, Injinia akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Bamba la mwisho lilipokaa mahali pake, jua lilikuwa linawapiga utosini, na wote walijitupa kwenye benchi lisilo na pa kuegemea. Injinia aliangukia pembeni, mwisho kabisa.

Ndipo wakasikia magurudumu yakigonga zege. Baba alikuwa mlangoni. Aliitazama njia yote hadi barabarani, kisha akapaza sauti:

— Redio, muongo we, barabara imehama wapi? Na wewe Injinia, sogea. Hapo pangu.