Kola ya Mwisho ya Fundi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni tukae kidogo na Fundi Kola, fundi wa mapaa, aliyetutoka wiki hii baada ya kuugua.

Jina hilo alipewa kwa kazi yake. Kila bomba la moshi lililotoboa paa, yeye alilivisha kola ya bati. Na kola ina kanuni. Ukingo wa juu unaingia chini ya bati. Ukingo wa chini unalala juu ya bati. Maji yakiteremka, yanapita zake. Wengine hupigilia kola yote juu ya bati, kisha wanapaka lami. Jua likiipasua, maji yanaingia. Mwenyewe alikuwa akisema, "Lami ni ahadi ya mlevi."

Lakini mganga hajigangi. Jikoni kwake bomba lilivuja miaka na miaka, lami juu ya lami. Mkewe aliweka beseni. Majirani tukamtania kwamba fundi anafuga mvua.

Muda mfupi kabla ya kuugua, alipanda, akabandua lami yote, akaweka kola. Mvua haikunyesha mpaka akafariki. Hakujua kama imeshika. Mkewe naye hakujua, na jambo hilo lilimsumbua.

Siku ya maziko, tumerudi tu kutoka makaburini, wingu likafunga. Nyumba imejaa watu. Mdogo wa marehemu akatokea na ngazi na kopo la lami, akaanza kupanda. Mjane akaishika ile ngazi.

"Shemeji, shuka. Kaka yako alishamaliza."

"Na ikivuja mbele za watu?"

"Ikivuja, nitajua. Ukipaka lami, sitajua maisha yangu yote."

Akashuka.

Mvua ikaja, ya kumwaga. Jikoni tukakodolea dari, shingo juu kama kuku wanaokunywa maji. Mjane aliweka beseni mahali pake, kwa mazoea. Tukasubiri tone. Halikuja. Akapanda kigoda, akapitisha kiganja pale bomba linapoingia darini. Pakavu.

"Mzee wangu wewe," akasema, akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha akalichukua lile beseni, akaanza kuoshea vikombe vya wageni.

Mama mjane, mdogo wa marehemu, na watoto wote wa marehemu, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Nasi tuliobaki, leo tutazame juu, halafu tutazame chini: nani nyumbani kwetu bado ameweka beseni, anatusubiri?