Mama Vioo na Wajenzi Wasioambiwa Waache

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, shemeji yake, kazi ya kuwasomea maisha ya mpendwa wetu Mama Vioo, ingawa yeye mwenyewe angesema kwamba nitarefusha.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi mtaani kwao, na mwaka 1977, akiwa kidato cha tatu, shavu lake la kushoto lilianza kuvimba taratibu, bila maumivu, hadi madaktari wakamwondoa kipande cha taya na kumweleza kwamba uvimbe ule ulitokana na seli za kujenga meno, maneno yaliyomkaa moyoni kuliko hata kovu.

Alihitimu udaktari mwaka 1988, akaajiriwa maabara, katika chumba chenye dirisha moja na harufu ya spiriti, na huko ndiko alikopata jina lake, kwa kuwa kila kioo chenye kinyama cha mgonjwa alikikaribisha kwanza, kama mgeni aliyebisha hodi, ndipo akainamia hadubini.

Tarehe 6 Desemba 1990 alifunga ndoa na kaka yangu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mmoja, na mezani kwao chakula kilipoa huku akitusimulia, macho yakiwa mbali, kwamba ndani ya taya wamo wajenzi walioitwa kujenga jino, vichochezi vya ukuaji vinawahimiza jenga, jenga, vimeng'enya vinawamegea mfupa wapate nafasi, wala hayupo wa kuwaambia wameshamaliza.

Februari mwaka 2024 alipata kikohozi kisichokwisha, akatolewa kinyama cha pafu, na wenzake wakakubaliana kwamba asikipime yeye, lakini vioo vya maabara hufika na namba tu, bila majina, na chake kikachanganyika katika sinia lake. Alikikaribisha kama kawaida, akakitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akamwambia daktari wa meza ya pili:

"Huyu namfahamu. Amefika mapafuni, na bado anadhani anajenga jino."

Aliandika majibu kama ya mgonjwa mwingine yeyote, kwamba uvimbe wa taya wa zamani umehamia pafuni, kisha akaenda nyumbani kumweleza mumewe, aliyekuwa akijipa moyo kwamba ni kifua tu. Kaka yangu alilia sana, naye akambembeleza, akisema hawezi kumchukia mtu anayefanya kazi kwa sababu hajaambiwa aache.

Alifariki tarehe 9 Agosti 2024, saa nne asubuhi, nyumbani, kiganja cha binti yake kikiwa kwenye shavu lile la kushoto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake, hasa daktari wa meza ya pili, aliyegawa vioo siku ile, ambaye tunamwomba asiendelee kujilaumu.

Mama Vioo, tunakwambia neno ambalo wajenzi wako hawakuwahi kulisikia: imetosha. Pumzika sasa, kwa amani.