Tak Gyeong-bae na Kigoda cha Kushuka

Tunayemzika leo, Mzee Tak Gyeong-bae, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Uiseong, mtoto wa tatu wa wakulima wa vitunguu saumu. Tangu siku hiyo hadi mwisho hakuwahi kukiri kwamba vitunguu saumu vya wilaya nyingine ni vitunguu. Alivila kwa adabu, kama mtu anayekunywa dawa.

Alisoma shule ya msingi kijijini, akamaliza shule ya kati mwaka 1967. Kisha alihamia mjini Daegu kwa dada yake mkubwa, akajiunga na shule ya ufundi ya jioni na kuiacha mwaka wa pili. Nyumbani alieleza kwamba alikuwa amekwisha kuyajua yote. Walimu walikuwa na maelezo mengine.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika karakana ya viti vya vinyozi. Alitoka kwenda jeshini, akarudi mwaka 1975, na hakuondoka tena mpaka karakana ilipofungwa mwaka 2009. Kazi yake ilikuwa pampu, ile ya mafuta iliyo chini ya kiti, ambayo kinyozi akiikanyaga mteja hupanda. Kama ulinyolewa Daegu miaka ile na hukuanguka, huenda una deni la shukrani kwa marehemu.

Oktoba 1978 alimwoa dada yangu, Bang Ok-nam. Wakajaliwa Hye-rim na Sang-u. Walibishana kila siku ya ndoa yao, na majirani walizoea kuwasikiliza kama redio.

Februari 2012 dada alipatwa na kiharusi. Alipona, isipokuwa mguu wa kushoto, ambao ulibaki ukipokea maagizo bila kuyatekeleza. Kutembea na fimbo aliweza. Kukaa sakafuni na kuinuka hakuweza, na maisha yetu yako sakafuni. Ndiko kwenye joto wakati wa baridi, kwa kuwa moto wa nyumba hupitishwa chini yake, na ndiko wanawake wa ukoo hukaa kila Novemba kuzunguka mabeseni, wakipaka pilipili kabichi ya akiba na kuwasengenya wasiokuwepo. Mwaka huo dada za marehemu walimweka kwenye kiti kirefu.

"Wifi, wewe kaa hapo utusimamie."

"Kwani mimi hakimu? Umbea wenyewe haunifikii huku juu!"

Marehemu alisikia, akajifungia kwenye kibanda chake cha ufundi. Alitoka na kigoda chenye pampu ya kinyozi. Dada akakikalia, marehemu akakanyaga, na dada akapanda mpaka akaliona vumbi juu ya kabati.

"Baba Hye-rim, nimekuomba unishushe. Unanipeleka wapi?"

"Kiti hupandisha, Mama Hye-rim. Ndiyo kazi ya kiti."

"Basi nitafutie kisichojua kazi yake."

Ni mtu aliyepandisha watu maisha yake yote tu ambaye angekosea namna hiyo. Isitoshe, pampu ile ni ndefu. Hata ikishuka yote, aliyeikalia bado yuko usawa wa goti. Marehemu akatengeneza miguu ya kukunjana kama mkasi, akailaza pampu ubavu chini yake. Pampu iliyolazwa vibaya huvuta hewa badala ya mafuta, kwa hiyo jioni moja, tukiwa mezani jikoni, dada alianza kuzama polepole mpaka zikabaki nywele. Alizama na bakuli lake, akaendelea kula.

"Angalau hiki kinashuka," tulimsikia akisema kutoka chini.

Novemba 2014 kigoda kilimfikisha. Alikaa kati ya wifi zake, upana wa kiganja kutoka sakafuni, akacheka mpaka pilipili ikamwingia jichoni.

Lakini mpini wa pampu ulikuwa nyuma. Kushuka, dada alishuka mwenyewe. Kupanda, alihitaji mtu wa kusukuma mpini, na mtu huyo alikuwa marehemu. Aliitwa kutwa nzima, akaja akinung'unika, na hakuwahi kuchelewa.

"Huo mpini uhamishie mbele, nijipandishe mwenyewe."

"Si mimi nipo?"

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwa nimeenda wapi? Mimi nina marafiki?"

Kwa miaka aliahidi kuuhamisha wiki ijayo. Fundi wa kiwango chake angeimaliza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana. Sote tulijua kwa nini haimaliziki. Nadhani dada alijua kuliko sisi, maana alilalamika kwa sauti kubwa lakini hakumleta fundi mwingine.

Aprili 2023 madaktari waligundua kwamba marehemu ana saratani ya kongosho, na kwamba imekwisha kusambaa. Aliwasikiliza, akawashukuru, akaomba kurudi nyumbani. Siku chache baadaye dada aliukuta mpini uko mbele, upande wa kulia, umezungushiwa kitambaa usije ukamuumiza kiganja.

"Urudishe nyuma."

"Miaka yote hii umeutaka mbele."

"Siutaki tena. Urudishe nyuma, Baba Hye-rim. Nakuomba."

Hakuurudisha. Ni ubishi pekee ninaoukumbuka ambao alimshinda mkewe, na hakuna aliyempongeza.

Alifariki asubuhi ya tarehe 6 Desemba 2023, hospitalini Daegu, mkewe akiwa ameushika mkono wake.

Jana, katika ukumbi wa msiba, wageni walipokuwa wakila supu, dada alijishusha kwa kigoda chake akakaa nao sakafuni. Alipomaliza aliweka kijiko, akaita bila kugeuka, "Baba Hye-rim, njoo unipandishe."

Sang-u akainuka amwendee mama yake. Dada akatikisa kichwa. Akaushika mpini, akajipandisha mwenyewe, polepole, na kigoda hakikuyumba.

Marehemu ameacha mjane, Bang Ok-nam. Watoto wawili, Hye-rim na Sang-u. Mkwe, Gu Jin-hyeok. Mjukuu mmoja, So-dam. Na dada zake wawili, ambao wamekuja na vitunguu saumu vya Uiseong.

Apumzike kwa amani. Kazi yake ilikamilika, na hilo ndilo tunalolilia.